Muziki wa mkahawani: nani analipwa, na nani anahesabu?

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Msidhani tarakilishi yangu imeibwa au nimeacha kuandika programu nikaenda kufuga kuku. Nilikuwa nashughulikia jambo la kifamilia ambalo lilianza kama kazi ya nusu saa, likaishia kunisomesha historia ya karibu karne mbili. Leo nitawasimulia. Chukua chai, maana si fupi.

Shangazi yangu ana mkahawa mdogo Nakuru, wa meza tisa. Mwaka jana aliniita nimwekee muziki, kwani mimi ndiye mtu wa kompyuta katika ukoo wetu. Printa ikikwama, mimi. Simu ya mjomba ikijaa picha, mimi. Nilichukua tableti yangu ya zamani, nikaiunganisha na spika mbili, nikaingia kwa akaunti yangu ya muziki ninayoilipia kila mwezi, nikapanga orodha: rumba asubuhi, benga mchana, zilizopendwa jioni. Nikalipwa kwa chapati na ndengu, nikarudi Nairobi nikijiona fundi.

Miezi mitatu baadaye, mambo mawili yakatokea katika wiki moja.

La kwanza, watu wawili waliingia mkahawani wakaomba kuona leseni ya muziki. Shangazi aliwaonyesha leseni ya biashara, cheti cha afya na karatasi za zimamoto. Wakasema, mama, hizo ni sawa, lakini ya muziki iko wapi? Akanipigia simu. Nikamwambia kwa ujasiri wote, "Waambie tunalipia, Shangazi, pesa hukatwa kwa kadi yangu kila mwezi." Waliposikia hivyo wakacheka kidogo, wakaacha notisi mezani, wakaenda.

La pili lilitokea Jumamosi, nilipoenda kuiangalia hiyo notisi. Kuna mzee mmoja, mteja wa kila siku, ambaye huketi karibu na dirisha. Wimbo mmoja wa benga wa miaka ya 1970 ukaanza kucheza. Mzee akaacha chai yake, vidole vikaanza kutembea juu ya meza. Nikamuuliza kama anaupenda. Akasema, "Hilo besi ni mimi." Alikuwa mpiga gita la besi katika bendi hiyo akiwa kijana. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, "Huu muziki hapa unalipiwa na nani?" Nikasema, "Mimi, mzee." Akaniuliza tena, "Na mimi nalipwa na nani?"

Nina shahada ya sayansi ya kompyuta. Nimeandika mifumo ya malipo inayotumika hadi leo. Sikuwa na jibu.

Maji ya sukari ya Paris

Nilianza kusoma. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba swali la mzee lilikwisha kuulizwa, tena mkahawani, zaidi ya miaka 170 iliyopita.

Mwaka 1847 mtunzi wa Kifaransa aitwaye Ernest Bourget aliketi pamoja na wenzake katika mkahawa uitwao Café des Ambassadeurs, mjini Paris. Wakanywa maji ya sukari, kinywaji cha fahari wakati huo. Huku wakinywa, wanamuziki wa mkahawa wakapiga kazi yake. Muhudumu alipoleta hesabu, Bourget akakataa kulipa. Hoja yake ilikuwa rahisi: ninyi mnatumia muziki wangu bila kunilipa, nami natumia maji yenu ya sukari bila kuwalipa. Tumemalizana.

Kesi ikafika mahakamani na Bourget akashinda. Lakini hapo ndipo tatizo la kweli lilipoonekana, na mtu yeyote aliyewahi kuandika programu atalitambua. Haki alikuwa nayo, ila angeitekelezaje? Mtunzi mmoja hawezi kuketi katika kila mkahawa wa Ufaransa akisikiliza ni wapi nyimbo zake zinapigwa. Na mwenye mkahawa hawezi kumtafuta kila mtunzi kabla ya kila wimbo. Ukiwa na watunzi elfu moja na mikahawa elfu moja, una mikataba milioni moja.

Suluhisho lilikuwa kuweka kitu katikati. Mwaka 1851 Bourget, wenzake Paul Henrion na Victor Parizot, pamoja na mchapishaji Jules Colombier, walianzisha chama kiitwacho SACEM, ambacho kipo hadi leo. Mikahawa ililipa chama, na chama kikagawa kwa watunzi. Mikataba milioni moja ikawa elfu mbili. Sisi watu wa mitandao tungesema wameweka swichi katikati badala ya kuvuta waya kutoka kila mashine hadi kila mashine.

New York: je, muziki ni bure ukija na chakula?

Wenye mikahawa hawakunyamaza. Hoja yao, ambayo shangazi yangu aliirudia neno kwa neno bila kujua, ni hii: mimi nauza chakula, siuzi muziki. Hakuna anayelipa kiingilio kusikiliza.

Hoja hiyo ilifika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani. Mtunzi Victor Herbert aliushtaki mkahawa wa Shanley wa New York, ambao wanamuziki wake walikuwa wakiimba wimbo wake wakati wateja wanakula. Herbert alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ASCAP, chama cha watunzi cha Marekani kilichoundwa mwaka 1914. Mahakama za chini zilimkatalia. Mwaka 1917 Jaji Oliver Wendell Holmes aliandika uamuzi mfupi sana ulioupindua msimamo huo. Kwa maneno yangu: ni kweli muziki si kitu pekee ambacho mteja analipia, lakini hata chakula si kitu pekee. Mtu angeweza kula kwa bei nafuu kwingine. Kama muziki haungeleta faida, mwenye mkahawa angeuacha.

Nilimsomea shangazi hoja hiyo. Akafikiri, kisha akasema, "Huyo jaji alikuwa na biashara." Nikamuuliza kwa nini. Akasema siku umeme ukipotea na muziki ukanyamaza, watu hunywa chai haraka na kuondoka.

Muziki kupitia waya

Sasa tuje kwa upande wangu, wa teknolojia. Wengi hudhani kutiririsha muziki kwa biashara ni jambo la jana. Sivyo kabisa.

Mwaka 1897 Mmarekani Thaddeus Cahill alipata hataza ya mashine iliyokuja kuitwa Telharmonium. Ilikuwa ala ya muziki ya umeme iliyotumia majenereta yanayozunguka kutoa sauti. Ile aliyoipeleka New York mwaka 1906 ilikuwa na uzito wa takriban tani 200. Ndiyo, tani. Wanamuziki waliipiga katika jengo moja, na sauti ikasafiri kwa nyaya za simu hadi kwenye mikahawa na hoteli zilizolipa. Ukitazama mchoro wake leo utaona seva moja, mtandao, na wateja wengi waliojisajili. Amplifaya zilikuwa bado hazijapatikana, hivyo ilibidi mashine yenyewe isukume nguvu kubwa ajabu kwenye waya. Matokeo yake, watu waliokuwa wakiongea kwa simu walisikia muziki ukivuja katika mazungumzo yao. Mradi huo wa New York ukaanguka mwaka 1908.

Aliyefaulu ni mwanajeshi. Jenerali George Owen Squier, aliyeongoza kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa amevumbua njia ya kupitisha ishara nyingi kwa wakati mmoja katika waya mmoja. Mwaka 1922 kampuni moja kubwa ya umeme ilianzisha biashara kwa kutumia ujuzi huo, ya kupeleka muziki kwa nyaya. Mwaka 1934, mwaka ambao Squier alifariki, huduma ilipewa jina Muzak. Inasemekana alipenda mlio wa jina Kodak, akauchanganya na neno la Kiingereza la muziki.

Muzak ilianza kwa kulenga nyumba za watu katika mji wa Cleveland, lakini redio ya bure ikawashinda. Wakageukia hoteli, mikahawa, na baadaye viwanda na ofisi. Kwa biashara, redio ilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni matangazo. Mwenye hoteli hataki spika yake itangaze hoteli ya jirani. Muzak ikauza muziki usio na matangazo, uliopangwa na mtu mwingine, na uliolipiwa haki zake. Hicho kitu cha tatu kisisahaulike. Kampuni ilirekodi nyimbo kwa bendi zake yenyewe, na kulipa vyama vya watunzi kwa niaba ya wateja. Mwenye hoteli alilipa bili moja tu.

Baadaye wakaongeza sayansi yao, au waliyoiita sayansi. Nyimbo zilipangwa kwa vipande vya dakika 15, zikianza polepole na kuchangamka, kisha kimya cha dakika 15, ili kumwamsha mfanyakazi pale anapoanza kuchoka. Kwa hiyo ukiona leo programu inakupangia orodha kulingana na saa ya siku, jua wazo hilo lina umri mkubwa kuliko baba yako.

Santuri zisizoingia kwingine

Sehemu hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, na wenzangu wa ofisini wamechoka kuisikia.

Mwaka 1959 kampuni ya Seeburg, iliyojulikana kwa mashine za muziki za mabaa, ilitoa mashine iitwayo Seeburg 1000. Ilibeba santuri 25, ikazipiga upande huu na upande ule mfululizo, jumla nyimbo 1,000, kisha ikaanza upya. Hakukuwa na waya wa simu, mashine ilikaa dukani kwako.

Lakini tazama santuri zenyewe. Santuri za kawaida zilikuwa za inchi 7, 10 au 12. Hizi zilikuwa inchi 9. Santuri ndefu za kawaida zilizunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Hizi zilizunguka nusu ya hapo, mara 16 na theluthi mbili. Tundu la katikati lilikuwa inchi 2, ukubwa usiolingana na mashine nyingine. Na hukuuziwa. Ulikodishwa, na kila baada ya muda uliletewa mpya, ukatakiwa kurudisha za zamani ziharibiwe.

Ndugu msomaji, hicho ni kifungo cha kidijitali kabla ya dijitali. Ni sawa na faili iliyofungwa kwa ufunguo inayocheza ndani ya programu moja tu, na ambayo hupotea ukiacha kulipa. Muziki wa biashara na muziki wa nyumbani ulitenganishwa kwa tundu la inchi 2. Leo umetenganishwa kwa sentensi moja katika masharti ya matumizi, ile ambayo mimi na wewe hubonyeza "Nakubali" bila kuisoma.

Nilikwenda kuisoma. Huduma niliyokuwa nikiitumia inasema wazi kwamba ni kwa matumizi binafsi, yasiyo ya kibiashara. Spotify wanasema hivyo. YouTube wanasema hivyo. Kwa hiyo wale watu wawili walikuwa na sababu ya kucheka.

Duka dogo na redio

Tuwe waadilifu, kuna upande wa pili. Je, kila kibanda chenye redio ndogo kilipe?

Mjini Pittsburgh, Marekani, kulikuwa na mwenye duka la chakula aitwaye George Aiken, aliyekuwa na redio iliyounganishwa na spika nne darini. Wenye nyimbo wakamshtaki. Mwaka 1975 Mahakama Kuu ilimwachilia, ikisema kuwasha redio ya kawaida dukani si kutumbuiza. Mwaka 1976 bunge likaweka msamaha wa namna hiyo katika sheria, na mwaka 1998 likaupanua sana: mikahawa na baa zisizofika futi za mraba 3,750, na maduka mengine yasiyofika 2,000, yasilipe kwa kucheza redio na televisheni. Hata hivyo msamaha huo ni wa matangazo ya redio na televisheni. Santuri, kanda na CD hazimo, wala akaunti yako ya mtandaoni haimo.

Wanamuziki wa Ayalandi walilalamika kwamba nyimbo zao zinatumiwa bure Marekani. Umoja wa Ulaya ukalipeleka jambo hilo kwa Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2000 jopo likaamua kwamba msamaha ule mpana wa 1998 unakiuka mkataba wa kimataifa. Marekani ikalipa dola milioni 3.3 kama fidia ya miaka mitatu. Sheria yenyewe haikubadilishwa.

Wimbo mmoja, wenyewe watatu

Hapa ndipo nilipokuwa nimekosea tangu mwanzo, na nadhani wengi wenu mmekosea pamoja nami.

Nilidhani wimbo ni kitu kimoja. Sivyo. Kuna utunzi, yaani maneno na melodia, ambao ni wa mtunzi. Kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studioni, ambayo ni ya mtayarishaji. Na kuna watumbuizaji, walioimba na kupiga ala. Bourget na Herbert walipigania cha kwanza tu, kwa sababu wakati wa Bourget rekodi hazikuwepo. Haki za hao wengine wawili zilikuja baadaye, na mkataba mkubwa wa kimataifa juu yao ulitiwa saini Roma mwaka 1961.

Marekani haikuufuata mkondo huo. Kule, sheria ya mwaka 1995 iliwapa wenye rekodi haki ya kulipwa kwa utiririshaji wa kidijitali, lakini mkahawa ukipiga rekodi, mtunzi ndiye anayelipwa. Mpiga besi halipwi kitu. Hata huduma zinazotiririsha muziki kwa biashara zina msamaha wao: hazilipii utumbuizaji wa rekodi, zinalipia nakala zinazowekwa kwenye seva, malipo ambayo kwa miaka mingi yalikuwa asilimia 10 ya mapato.

Na kwetu? Kenya ilipata sheria yake ya hakimiliki mwaka 1966. MCSK, chama cha watunzi, kiliundwa mwaka 1983. Sheria ya 2001 ndiyo iliyounda bodi ya hakimiliki, KECOBO, ambayo hutoa leseni kwa vyama vinavyokusanya. Baadaye vikaja KAMP kwa ajili ya watayarishaji na PRISK kwa ajili ya watumbuizaji. Na mwaka 2012 sheria ilirekebishwa, ikasema wazi kwamba rekodi ikitumika hadharani, mtumbuizaji na mtayarishaji wana haki ya malipo ya haki.

Umeona maana yake? Kwenye karatasi, yule mzee mpiga besi ana haki kubwa zaidi akisikika katika mkahawa wa Nakuru kuliko angekuwa nayo katika mkahawa wa Nashville. Nilisoma kifungu hicho mara mbili.

Kwenye karatasi, nasema. Kwa sababu vyama vyetu vimekuwa na historia ya misukosuko. Mwaka 2017, kwa mfano, KECOBO ilikataa kuipa MCSK leseni na kuipa MPAKE, kisha miaka miwili baadaye MCSK ikarudi. Wasanii wamelalamika miaka nenda miaka rudi juu ya pesa kiduchu. Wafanyabiashara nao wamelalamika kutojua nani ana kibali na nani hana. Shauri langu: mtu yeyote akikuletea notisi, usimlipe taslimu mlangoni. Uliza KECOBO kwanza ni chama kipi chenye leseni mwaka huo, kisha ulipe kwa njia inayoacha risiti.

Kazi ya kuhesabu

Spotify ilianzishwa Sweden mwaka 2006 na kufunguliwa kwa wateja mwaka 2008. Kwetu ilifika Februari 2021. Mara tu huduma hizi zilipoenea, maduka ulimwenguni yalifanya nilichofanya mimi. Mwaka 2013 kampuni iitwayo Soundtrack Your Brand ilianzishwa Stockholm, mwanzoni ikishirikiana na Spotify, ili kuuza utiririshaji wenye haki za biashara. Muzak yenyewe, baada ya kuomba kinga ya kufilisika mwaka 2009, ilinunuliwa na Mood Media mwaka 2011. Huduma za namna hii sasa ni nyingi.

Lakini kwangu jambo kubwa ni hesabu. Kwa miaka mingi vyama viligawa pesa kwa kukisia: wimbo uliosikika sana redioni ulichukuliwa kuwa ndio uliosikika sana mikahawani. Hivyo benga ya Nakuru iliyopigwa kutwa nzima kwa shangazi ingeweza kumlipa mwimbaji wa redio ya Nairobi. Hakukuwa na njia nyingine, maana santuri haiandiki kumbukumbu.

Tableti inaandika. Fanya hesabu nami: saa 12 kwa siku, wimbo wa dakika nne, ni nyimbo 180. Kwa siku 26 za kazi ni 4,680 kwa mwezi, kila moja ikiwa na saa na dakika. Rekodi rasmi pia huwa na namba ya utambulisho iitwayo ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo ilikubaliwa kimataifa mwaka 1986. Kwa mara ya kwanza tangu Bourget, mkahawa unaweza kujua hasa umepiga nini.

Niliandika programu ndogo inayosoma historia ya kucheza na kutoa jedwali la kila mwezi. Ilichukua jioni moja. Kisha nikautafuta wimbo wa mzee. Ulikuwepo, umepigwa mara nyingi. Jina la bendi lilikuwepo. Namba ya utambulisho ilikuwepo, lakini ilikuwa imetolewa nje ya nchi, kwa kampuni iliyotoa upya zile santuri za zamani. Jina la mpiga besi halikuwepo popote. Kwa hifadhidata, besi hilo lilijipiga lenyewe.

Basi tuchague vipi?

Kama una saluni, duka, hoteli au mkahawa, haya ndiyo maswali niliyoyauliza kila huduma kabla ya kuchagua:

1. Je, mkataba unasema kwa maandishi kwamba ni kwa matumizi ya biashara? Kulipa kila mwezi si ushahidi. Mimi nilikuwa nalipa.

2. Je, Kenya imetajwa? Huduma nyingi za Marekani hujivunia kwamba zimelipia kila kitu, kwa maana ya vyama vya kule, kama ASCAP na BMI. Hapa bado utadaiwa ya watunzi, watayarishaji na watumbuizaji. Usilipe huduma ghali ukidhani umemaliza.

3. Je, itacheza mtandao ukikatika? Nzuri huhifadhi nyimbo ndani ya kifaa. Usicheze faili zako mwenyewe kujaza pengo, utakuwa umerudi mwanzo.

4. Je, ina muziki wa wateja wako? Tulijaribu moja yenye mamilioni ya nyimbo za kila aina, na benga za kuhesabu kwa vidole.

5. Je, itakupa orodha ya nyimbo zilizopigwa? Wauzaji wengi walishangaa kuulizwa. Uliza tu. Kama hakuna orodha, pesa yako itagawanywa kwa kukisia.

Na kumbuka, leseni ya kutumbuiza hadharani na huduma ya muziki ni vitu viwili. Ya kwanza ni ruhusa, ya pili ni bomba linaloleta muziki. Hata ukitumia redio bado uulize juu ya ruhusa, maana msamaha wa George Aiken ni wa Marekani.

Sisi tulichagua huduma moja ambayo sitaitaja, maana sifanyi matangazo hapa. Shangazi alithibitisha na KECOBO, akalipa, karatasi ikabandikwa ukutani kando ya cheti cha afya. Alinung'unika wiki nzima. Akapandisha bei ya chai kwa shilingi tano.

Mzee je? Nilimsaidia kujaza fomu ya kujisajili kama mtumbuizaji. Waliomba ushahidi kwamba alikuwemo katika bendi. Akarudi siku ya pili na jalada la santuri lililokunjika, nyuma yake majina sita, lake la nne kutoka juu, na mbele picha ya vijana wenye suruali pana. Tukalipiga picha, tukaituma pamoja na jedwali la nyimbo zilizopigwa mkahawani. Hadi ninapoandika haya hajapata jibu. Nitawaambia akilipata, liwe zuri au baya.

Kwa sasa yeye hunywa chai bila kulipa. Nilimweleza habari ya Bourget na maji ya sukari, akacheka mpaka akakohoa. Shangazi akadakia kutoka jikoni kwamba mpango huo ni mpaka hiyo pesa ya besi ifike, si zaidi.

Kama mna maswali juu ya ile programu ya jedwali, niandikieni. Hadi wakati mwingine, kwaherini.